Mrejesho: Chapa na kinyago cha Lilanga

Wakuu, niliuliza hapa thamani ya mnadani ya chapa (picha iliyochapwa kwenye karatasi) na kinyago cha George Lilanga, mchoraji na mchongaji wa Tanzania, alivyotuachia mzee wetu, huku Moshi. Asanteni sana! Chapa tuliitoa kwenye fremu mlivyoshauri: chini pembeni kuna sahihi ya penseli na namba ya toleo (nakala ya ngapi kati ya zilizochapwa). Mthamini karidhika.

Kinyago ndicho kigumu. Lilanga, aliyefariki 2005, alikuwa na wasaidizi karakanani, hivyo ni vigumu kujua kipi kachonga mwenyewe, na bila ushahidi wa manunuzi bei inashuka. Mama kaikuta risiti ya Nyumba ya Sanaa, kituo cha sanaa cha Dar es Salaam alikofanya kazi Lilanga, ndani ya Biblia yake!

Tahadhari: bei za minada mtandaoni mara nyingi zimejumlisha ada ya mnunuzi (anayolipa kwa wenye mnada juu ya bei), na muuzaji bado anakatwa kamisheni. Tunauza chapa tu, isipofika bei ya chini tuliyokubaliana na wenye mnada, inarudi kwetu. Kinyago mama kakataa.