Mdogo wangu yuko Birmingham, baraza la sharia lamtaka atie sahihi. Afanyeje?

BintiKibokoni
Asalaam aleikum jamani. Mdogo wangu aliolewa hapa Mombasa, ndoa ikafungwa msikitini, cheti kikatoka. Akahamia Birmingham na mumewe, wakajaaliwa watoto wawili. Sasa mume ameondoka nyumbani, ameoa mwengine, nafaka (matumizi ya mke na watoto) hatoi na talaka hatoi. Akiulizwa ajibu, "Kaa hapo hapo."

Mdogo wangu akaenda kwa baraza moja la sharia kuomba khului, yaani talaka anayoiomba mke kwa kurudisha mahari. Wakachukua ada, wakamtaka akae kikao cha suluhu na mume huyo aliyewahi kumpiga. Juzi wamempa fomu, akaipiga picha akanitumia. Ukurasa wa pili umeandikwa kwamba pande zote zimekubali baraza liwe hakamu wa mwisho wa nyumba, mali na malezi ya watoto. Mume ameshasaini. Yeye aambiwa asiposaini faili haliendi mbele.

Mamangu asema asaini tu apate talaka yake, mengine amwachie Mungu. Mimi roho yakataa. Nisaidieni, na tafadhali msimtukane shemeji, ni baba wa watoto wetu.

MkaaLeicester
Dadangu, mwambie asitie kalamu hapo. Mabaraza haya si mahakama. La Leyton, London, liko tangu 1982, na mengine yamefuata, lakini kazi yao ni talaka ya kidini. Sheria ya usuluhishi ya 1996 yaruhusu watu wakubaliane kwa hiari kupeleka ugomvi wa mali kwa hakamu, na hapo ndipo fomu hiyo yaweza kumbana. Watoto ni wa mahakama ya familia, hata kama mtu ametia sahihi.

Wengi wetu huku tumefunga nikaha sebuleni bila kusajili. Mume akiondoka, mke hana haki za mke kwa sheria ya nchi. Mahakama ya Rufaa ilisema hivyo 2020 katika kesi ya Akhter. Mdogo wako ni tofauti: ndoa iliyofungwa Kenya kwa sheria ya Kenya, Uingereza yaitambua. Hicho cheti ndiyo silaha yake. Tangu Aprili 2022 mahakama haiulizi nani mkosa, na mume hawezi kuizuia talaka kwa kusema hataki. Ni kama miezi sita hivi. Na kama yuko kwa viza ya mke asitishwe nayo, kwani aliyepigwa na mumewe aweza kuomba ukaazi kwa jina lake.

AbuSwaleh
Tumuogope Mungu. Talaka ya hakimu asiye Muislamu haiswihi. Atabaki mke wa mtu, kisha aolewe tena?

UstadhKisauni
Abu Swaleh, hapo una hoja. Wanazuoni wengi hawaikubali karatasi ya serikali peke yake. Ndiyo maana azitafute zote mbili, ya serikali na ya dini. Lakini nyumba na watoto vimeingiaje? Mke wa Thabit bin Qays, sahaba wa Mtume, alirudisha shamba alilopewa mahari, akaachwa, ikaisha. Suratun Nisaa aya ya 129 yakataza mke kuachwa kama aliyetundikwa. Na hicho kikao: aya ya 35 yataka hakamu mmoja wa jamaa za mume na mmoja wa jamaa za mke. Pale Birmingham, nani wa kwenu aliyeketi?

BintiKibokoni
Hakuna. Wote ni marafiki wa shemeji. Je, kadhi wetu hapa aweza kumfungulia?

WakiliTudor
Unaweza kujaribu. Kadhi wetu ni mahakama ya serikali kwa kifungu cha 170 cha katiba, na asiyeridhika hukata rufaa Mahakama Kuu. Hiyo ndiyo tofauti kubwa na baraza la huko. Ila kifungu hicho chataka pande zote ziwe Waislamu na zikubali mamlaka ya kadhi, kwa hivyo mume akigoma patakuwa na mvutano. Mpate wakili anayesimamia kesi za kadhi, aeleze nafaka iliyokatwa na kile kipigo. Huko nako asipambane peke yake. Southall Black Sisters, shirika la kutetea wanawake huko London, wamewasaidia wanawake kama yeye miaka mingi.

BintiKibokoni
Shukran sana. Nimezungumza naye, hasaini. Cheti kiko kwa mama, kesho nakipeleka kwa wakili. Swali jengine: mahari ilikuwa dhahabu, na shemeji aliiuza walipokuja likizo, akaahidi kununua nyengine. Khului bado yamlazimu mdogo wangu airudishe?

UstadhKisauni
Arudishe kitu gani, na mwenyewe mume ameshakichukua? Hilo ni deni la mume kwa mkewe. Kwa baraza au kwa kadhi, alitaje mwanzo kabisa, na alete shahidi. Nani alikuwapo ilipouzwa?

BintiKibokoni
Mimi. Nilikwenda nao kwa sonara.

UstadhKisauni
Basi andika ushahidi wako sasa: mwezi, sonara, bei. Kesho mpe wakili pamoja na cheti.