Dar hadi Guangzhou: kilomita ngapi, saa ngapi angani?

Mzigo_Kkoo
Wakuu, habari za jioni. Nimepiga hesabu ya umbali kutoka JNIA (uwanja wa ndege wa Dar) hadi Guangzhou nikapata kilomita 8,085, lakini kila ninayemuuliza anasema 8,700. Halafu tiketi ya moja kwa moja inaonyesha kutoka 23:00, kufika 14:00 kesho yake. Kurudi 16:00 hadi 22:00. Kwenda saa 15, kurudi 6?

Fundi_Ramani
Mkuu, umesahau alama ya kutoa. Dar iko kusini mwa ikweta, kwa hiyo latitudo ni −6.88, longitudo 39.20. Uwanja wa Baiyun, Guangzhou, ni 23.39 na 113.30. Zidisha sini (sin kwenye kikokotoo) za latitudo mbili. Pembeni zidisha kosini (cos) zake, na kosini ya tofauti ya longitudo, 74.10. Jumlisha: 0.202. Pembe yenye kosini hiyo ni digrii 78.34, na kila digrii ni kilomita 111.19, ndiyo 8,711. Bila ile alama unakuwa umeanzia safari kusini mwa Ethiopia, ndiyo maana kilomita 600 na ushee zimepotea. Kikokotoo kiwe kwenye digrii, siyo radiani.

Saa_za_Tiketi
Tiketi huandika saa za mji husika, na China iko mbele yetu saa 5. Kwenda toa 5, unabaki na saa 10. Kurudi ongeza 5, ni 11.

Hapohapo angalieni sana jambo hili, maana ndilo linalofanya watu waachwe na ndege: 05:00 ni saa 11 alfajiri, siyo saa 5. Na ndege ya 00:30 tarehe 12 unaifuata uwanjani usiku wa tarehe 11. Ukienda usiku wa tarehe 12 umechelewa siku nzima.

Mzigo_Kkoo
Nimeelewa, asante. Ila kwa nini kurudi kunazidi saa nzima?

Fundi_Ramani
Upepo. Juu kwenye kilomita 10 hadi 12, kaskazini mwa India na kusini mwa China, unavuma kutoka magharibi, na Desemba hadi Februari ndiyo una nguvu zaidi. Ndege ya kilomita 900 kwa saa ikisukumwa na upepo wa 100 inakwenda 1,000 juu ya ardhi. Ikipigwa usoni, 800. Bila upepo, 8,711 gawanya kwa 900 ni saa 9 na dakika 40. Weka nusu saa ya kupaa, kushuka na kutambaa uwanjani.

Mzigo_Kkoo
Na nikipitia Dubai?

Saa_za_Tiketi
Dar–Dubai kama 3,980, Dubai–Guangzhou 5,830. Jumla 9,800 hivi, yaani ziada ya 1,100 tu, saa moja na kidogo. Kinachokula muda ni kusubiri katikati. Chukua tiketi moja ya safari nzima, mzigo uandikwe hadi Guangzhou. Ukikata tiketi mbili tofauti na ndege ya kwanza ikachelewa, ya pili ikikuacha hasara ni yako.