Mrejesho: modeli yangu ya uhamaji wa samaki kati ya kanda mbili

Niliuliza kwa nini modeli yangu ya tathmini ya akiba ya samaki (hesabu za kukadiria wingi wa samaki waliopo majini) ilikadiria kwamba karibu samaki wote wa kaskazini huhamia kusini kila robo mwaka. Kosa lilikuwa kwenye data za alama, yaani vitambulisho ambavyo samaki hufungwa kabla ya kuachiliwa na ambavyo wavuvi huombwa kuvirudisha wakiwanasa: niliweka kiwango kimoja cha kuripoti (sehemu ya alama zilizonaswa ambayo wavuvi huirudisha) kwa kanda zote mbili, ilhali wavuvi wa kaskazini hurudisha alama chache, na modeli ikatafsiri ukimya wao kuwa samaki wamehama. Nilipotenganisha viwango hivyo, na kutotumia alama zilizorudishwa katika robo ya kwanza baada ya samaki kuachiliwa, kabla samaki wenye alama hawajachanganyika na wenzao, uwezekano wa kubaki kaskazini uliondoka ukingoni mwa sifuri. Kinachonisumbua bado ni samaki wachanga, kwa kuwa kwao uhamaji na mgawanyo wa kizazi kipya kati ya kanda havitenganishiki kirahisi: modeli haijui kama samaki mchanga alihamia kanda aliyomo au alianzia humo.