Tupeane uzoefu: dalili gani ya kwanza ilikuonyesha kuwa mchwa wameingia nyumbani kwako?

Mama wa Kibaha (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za jioni.

Nina jambo limeniuma na naomba kila mwenye nyumba, mpangaji au fundi anayesoma hapa atoe lake. Majina ya dawa tuyaache kwanza. Nataka tuambiane dalili ya KWANZA uliyoiona ilikuwa ipi, na ulipoiona ulidhani ni nini.

Naanza na yangu. Nyumba tuliihamia 2019. Wiki mbili zilizopita binti yangu alihitaji cheti chake cha kuzaliwa. Nyaraka zetu zote nilikuwa naziweka kwenye boksi la karatasi ngumu, uvunguni mwa kitanda, nimelisukuma hadi likagusa ukuta. Nikalivuta. Likaja jepesi kuliko nilivyotegemea, na kitako chake kikabaki sakafuni.

Karatasi za juu zilikuwa safi kabisa. Nilipoinua ya nne au ya tano nikakuta udongo. Na wala haukuwa udongo uliomwagikia humo, ulikuwa umejengwa, una vyumba vyumba na vijia, umekaa palepale zilipokuwa karatasi. Cheti cha binti kimebaki nusu, upande wa muhuri umeliwa wote. Mkataba wa kiwanja una nakala serikali ya mtaa, hilo namshukuru Mungu. Picha za harusi ya baba na mama hazina nakala popote, na wote wawili wametangulia mbele ya haki.

Kinachoninyima usingizi ni hiki: nyuma ya mlango wa chumba hichohicho kulikuwa na mstari wa udongo mwembamba kama penseli, unaanzia kwenye skatingi na kupanda kama shibiri moja. Mwaka jana niliufuta kwa kitambaa cha maji si chini ya mara tatu, kila mara nikisema watoto wameshika ukuta na matope. Ulikuwa unarudi palepale. Matope ya mikono ya watoto hayawezi kurudi kwenye mstari uleule mara tatu, na sikulifikiria hilo hata siku moja.

Karibuni.

Seremala Moro

Pole sana dada, na pole zaidi kwa zile picha.

Mimi ni seremala, kenchi na milango ndiyo kazi yangu kwa zaidi ya miaka 20. Huo mstari ni njia yao. Mchwa wa ardhini ana ngozi laini, akikaa kwenye hewa kavu anakauka na kufa. Kwa hiyo hatoki hadharani. Anajenga handaki la udongo kutoka ardhini hadi kwenye chakula, na ndani ya handaki kuna giza na unyevu kama alivyouacha chini. Ukiliona usilifute. Vunja kipande cha katikati, upana wa vidole viwili, uache juu na chini kama palivyo. Rudi kesho au keshokutwa. Ukikuta pengo limezibwa kwa udongo mbichi, wenye weusi kidogo kuliko ule wa zamani, jua wapo kazini. Pasipozibwa usishangilie haraka, huenda wameshahamia njia nyingine, kwa hiyo zunguka kuta zote, na nje pia, hasa nyuma ya tangi la maji na chini ya ngazi.

Dalili niliyoletewa mara nyingi kuliko zote ni mlango unaokaza. Mama mmoja aliniita nimpigie randa mlango wa stoo, akijua mvua imevimbisha mbao. Nikaweka patasi kwenye fremu nitoe bawaba, patasi ikazama hadi kwenye mpini bila nyundo. Fremu ile ilikuwa inashikiliwa na rangi ya mafuta tu. Nilipoipasua, ndani zilibaki tabaka nyembamba za ule mstari mgumu wa mbao, zimepangana kama kurasa za kitabu, kile kilaini cha katikati chote kimeliwa. Wanakula kufuata urefu wa mbao na hawatoboi kutoka nje, ndiyo maana kwa macho unaona fremu nzima.

Kwa hiyo jifunzeni kugonga. Shika bisibisi, gonga kwa mpini wake, anzia chini kabisa fremu inapogusa sakafu na upande taratibu. Mbao nzima inaitika kwa mlio mzito. Iliyoliwa inaitika kama boksi tupu. Ukigonga fremu zote za nyumba utamaliza ndani ya nusu saa.

Mpangaji Dodoma

Kwangu ilikuwa sauti. Usiku umeme umekatika, feni imezima, kimya, nikasikia tik-tik-tik ndani ya kabati la ukutani, kama mchanga mkavu unadondokea karatasi. Nikigonga kabati inazidi kidogo kisha inanyamaza. Mwenye nyumba nilipomwambia akasema ni panya. Baadaye nilielezwa kuwa mchwa askari hugongesha vichwa vyao kwenye mbao kuwaonya wenzao wanapohisi mtikisiko. Miezi mitatu mbele rafu ya juu ikashuka na vyombo vyote.

Binti Unguja

Assalaam aleikum. Nimesoma habari ya mistari ya udongo, naomba niongeze, maana sisi huku tulipata hasara kwa kusubiri udongo ambao haukuja.

Nyumba yetu iko Mji Mkongwe. Chini ya kabati la bibi, kila asubuhi nikifagia nakuta kijilima kidogo cha chembechembe, ukubwa wa punje za mchanga, nyingine rangi ya maziwa, nyingine kahawia. Nikidhani ni mchanga wa pwani umekuja na viatu. Nafagia, kesho kipo palepale, na kijilima hakikuwa katikati ya njia bali chini ya mguu uleule wa kabati. Siku moja nikazichukua kwa kidole nikazipiga picha kwa simu na kuikuza. Kila chembe ina pande sita, zimenyooka kama zimechongwa.

Hayo ni mavi ya mchwa wa mbao kavu. Huyu hahitaji udongo wala hajengi njia. Anaishi ndani ya mbao yenyewe, na unyevu mdogo uliomo unamtosha, tena hewa ya pwani inamsaidia. Hutoboa kitundu kidogo mno, husukuma mavi yake nje, kisha hukiziba. Kwa hiyo ukuta unaweza kuwa msafi kabisa huku kabati, mlango wa nakshi au boriti za dari zikiliwa.

Msimchanganye na yule mdudu mwingine anayeacha unga laini kama wa ngano chini ya vitundu vya duara. Huyo ni mdudu wa jamii ya kombamwiko mgumu, si mchwa, na matibabu yake ni mengine. Vitwange kwa kidole: unga unapotea kwenye ngozi, chembe za mchwa zinakwaruza.

Kabati lile lililetwa kutoka nyumba nyingine. Tangu hapo fanicha ya mkono wa pili haiingii ndani kwetu kabla ya kulala barazani wiki mbili juu ya shuka jeupe. Shuka ndilo linalosema.

Seremala Moro

Dada wa Unguja, hiyo ya shuka naichukua. Ila huyo wa unga si kombamwiko, ni jamii ya mbawakawa wadogo wa mbao, nyumba nyingi wanamwita fukusi tu. Umeeleza vizuri tofauti yake.

Binti Unguja

Ahsante fundi kwa kunisahihisha, ndiye huyohuyo.

Kijana wa Ziwa

Jamani mnanitia hofu. Huku Mwanza mvua za vuli zikianza kumbikumbi wanajaa taa ya barazani hadi tunawakusanya kwenye beseni na kuwakaanga. Ina maana nyumba yangu imeshaliwa?

Afisa Ugani Mstaafu

Hapana, kijana wangu. Kumbikumbi anayekuja kwenye taa kutoka nje anafuata mwanga tu, kichuguu chake kinaweza kuwa mbali shambani. Kaanga, kula.

Cha kuangalia ni anatokea wapi. Madirisha yakiwa yamefungwa na ukawakuta wanachomoza kwenye ufa wa sakafu, pembeni mwa fremu au kwenye kona ya ukuta, hapo koloni liko chini yako. Na si koloni changa. Jozi moja ikitua na kuanza familia, huchukua miaka kadhaa kabla haijawa na nguvu ya kutoa kumbikumbi wake. Kwa hiyo wakitokea sakafuni, wameishi na wewe muda mrefu.

Mara nyingi tukio lenyewe hulioni, maana linaisha ndani ya dakika chache. Utakachokuta asubuhi ni mabawa, rundo dogo kwenye kizingiti cha dirisha kwa ndani au kwenye utando wa buibui. Yaokote uyatazame kabla ya kufagia. Ya kumbikumbi ni manne yanayolingana urefu. Ya sisimizi wenye mabawa, ya mbele ni marefu kuliko ya nyuma, na ukimpata mzima utaona kiuno kimebanwa, wakati mchwa hana kiuno.

Msimamizi wa Saiti

Dalili yangu niliiona kabla nyumba haijaisha. Tulijenga Chanika. Kifusi cha ndani ya msingi kilipokuwa kinajazwa, vijana walitupa humohumo mifuko ya saruji, mbao za kufungia zege na vipande vya mirunda. Visiki viwili vya mwembe havikung'olewa, vilikatwa juu tu. Nikaona, nikanyamaza, nikajua jamvi la zege litafunika.

Mwaka wa pili chumba cha wageni kikaota mstari. Tulipobomoa pale, mfuko wa saruji ulikuwa bado unasomeka maandishi upande mmoja, upande wa pili ni mchwa watupu. Zege halikuwazuia hata kidogo, kwa sababu ufa wa milimita moja au kando ya bomba la choo panatosha kwao kupita. Mbao na karatasi ulizofukia chini ndizo zinazowaita karibu na nyumba. Unayejenga sasa hivi, kesho asubuhi nenda saiti ukatoe kila kipande cha mti kwenye kifusi, na dawa ya msingi ipigwe kabla ya jamvi kumwagwa.

Mjukuu wa Busia

Mimi niko Busia, upande wa Kenya, nyumba ya nyanya ni ya fito na matope. Guka wangu, yaani babu, hakuwa na bisibisi. Kila msimu wa mvua ukikaribia alizunguka nyumba na panga, anagonga kila nguzo pale inapoingia ardhini, kwa ubapa. Nguzo inaliwa pale kwanza. Juu inakuwa ngumu hata miaka mingi huku chini imebaki ganda. Mlio ukibadilika alichimbua kidogo kwa ncha, akaona mapema, akabadilisha nguzo moja badala ya ukuta wote.

Pia alitukataza kuegemeza kuni ukutani. Tulidhani ni ukali wa wazee.

Baba Wawili

Paka oili chafu mbao zote, kazi kwisha. Baba yangu alifanya hivyo.

Afisa Ugani Mstaafu

Ndugu, naheshimu kazi ya mzee wako. Lakini oili chafu inakaa juu juu, baada ya muda inaisha nguvu, na ikimwagika chini inaingia ardhini na kwenye visima tunavyochota. Zaidi ya hapo inakuficha dalili: mbao nyeusi tititi huwezi kuona mstari wala kitundu.

Na kwa kuwa umetaja wazee, naomba mniamini kwa hili. Wengi wana chupa za dawa za wadudu za zamani stoo, dieldrin, aldrin, klodeni. Hizo zimepigwa marufuku chini ya mkataba wa kimataifa wa Stockholm, ulioanza kutumika 2004, kwa sababu hazioi na zinajikusanya mwilini. Msizinyunyize ndani ya nyumba wanamolala watoto. Nunueni kiuatilifu kilichosajiliwa, kwetu Tanzania msajili ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), na kazi ya msingi wa nyumba apewe mtu aliyesomea.

Seremala Moro

Naunga mkono. Na kwa anayebadilisha fremu: mninga, mkongo na mvule vinawapa mchwa kazi ngumu. Paini asiyetiwa dawa hachukui muda. Ukinunua mbao za dawa, kata kipande uangalie ndani. Kama rangi imeishia kwenye ngozi tu, umeuziwa mbao iliyopakwa.

Mama wa Kibaha

Nimesoma yote, na leo nimezunguka nyumba na bisibisi. Fremu tano zimeitika vizuri. Ya chumba cha boksi, kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti langu, ni tupu. Upande wa pili wa ukuta huo ni bafu, na bomba linavuja polepole, rangi imetoa malengelenge ambayo mimi niliyaita fangasi.

Jana jioni mstari wa nyuma ya mlango nimeuvunja upana wa vidole viwili kama fundi alivyoelekeza. Leo saa 12 asubuhi nimewasha tochi ya simu. Pengo limezibwa karibu lote, udongo bado una maji. Kwenye tundu dogo lililobaki, kichwa kimoja cha rangi ya asali kilitoka, kikatua punje ya udongo, kikaibonyeza, kikarudi ndani. Kikaja kingine.

Fundi bomba anakuja kesho, mtu wa dawa Jumamosi. Fundi seremala, kabla sijabomoa fremu, nianze na ipi: bomba au dawa?

Seremala Moro

Bomba. Ukiwaachia maji, dawa itapigwa na watarudi. Nyaraka zilizobaki zihamishie kwenye sanduku la bati leo hiihii, na uliweke juu ya matofali mbali na ukuta.