Protini inayowasha jeni: hataza inakaa juu ya nini hasa?

mbegu_ya_swali:
Wakuu, naomba kueleweshwa. Kuna protini zinazoshika DNA na kuamua jeni ipi iwake na ipi izimwe, na baadhi ya waliozigundua wana hataza. Gregg Semenza, daktari wa watoto wa Johns Hopkins, ana hataza za HIF-1, inayowasha jeni oksijeni ikipungua. Kundi la mwanabiolojia David Baltimore lilipewa ya NF-κB, inayowasha jeni za kinga ya mwili. Shinya Yamanaka, aliyesomea upasuaji wa mifupa, ana ya jeni nne zinazorudisha seli iliyokomaa kwenye hali ya seli shina.

Protini hizi zimo mwilini tangu binadamu awepo, na Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema mwaka 2013 kwamba kitu cha asili hakipewi hataza hata ukikitenga. Sasa mvumbuzi anamiliki nini? Na kwa upande wa maabara, ni ushahidi gani unaotakiwa kuwa mkononi kabla ya kuandika maombi? EMSA, kipimo cha jeli kinachoonyesha protini ikishika DNA, naijua kwenye vitabu tu.

jeli_baridi:
Niseme ya maabara, wenye sheria watakuja.

HIF-1 ni mfano mzuri wa kujifunzia kwa sababu hatua zake zimechapishwa moja baada ya nyingine. Kazi haikuanzia kwenye protini. Ilianzia kwenye jeni ya erithropoietini, homoni inayouamuru uboho kutengeneza chembe nyekundu za damu. Upande wa 3' wa jeni hiyo kuna kipande kifupi cha DNA kinachoitikia upungufu wa oksijeni. Mwaka 1992 Semenza na Guang Wang walionyesha kwamba kuna kitu ndani ya kiini cha seli kinachokishika kipande hicho pale tu oksijeni inapopungua.

Silaha yao ilikuwa vipande viwili vya DNA vya herufi 18. Cha kwanza, W18, kinasomeka GCCCTACGTGCTGTCTCA. Cha pili, M18, ni kilekile ila herufi tatu CGT zimegeuzwa kuwa AAA. Jozi hii ndiyo moyo wa ushahidi wote. Protini ikishika W18 na kukiacha M18, umeonyesha kwamba inasoma herufi, haigandi tu kwenye DNA yoyote.

EMSA yenyewe inakwenda hivi. Seli zikae kwenye oksijeni 1% kwa saa 4 hivi. Zivimbishe kwenye bafa yenye chumvi kidogo (Tris 10 mM, MgCl2 1.5 mM, KCl 10 mM), zipasue, tenga viini, kisha toa protini za kiini kwa KCl 0.42 M pamoja na gliseroli 20%, DTT na vizuia-proteasi. Chukua maikrogramu 5 za dondoo, changanya na DNA ya ndama iliyovunjwavunjwa na kuchemshwa, maikrogramu 0.1, ili inyonye protini zinazoshika DNA ovyo. Ndipo uweke W18 yenye fosforasi-32. Endesha kwenye jeli ya poliakrilamidi 5% isiyofumua protini, TBE 0.3x, nyuzi 4. DNA iliyoshikwa na protini husafiri polepole na kuacha mstari wake juu.

Zinapoharibikia ni hapa:

Mstari haupo kabisa. Mara nyingi sababu ni mwendo wako. HIF-1α, mojawapo ya protini mbili zinazounda HIF-1, ikikutana na oksijeni ya kawaida, nusu yake inavunjwa ndani ya dakika zisizozidi 5. Ukitoa sahani kwenye kabati la oksijeni ndogo ukaanza kutafuta pipeti, protini imekwisha. Bafa ziwe kwenye barafu kabla hujafungua mlango. Njia nyingine ni kuiga upungufu wa oksijeni kwa kobalti kloridi au desferioksamini, karibu maikromola 100. Vimeng'enya vinavyoiwekea HIF-1α alama ya kuvunjwa vinahitaji chuma. Desferioksamini inakinyakua chuma hicho, na kobalti inaharibu matumizi yake. Athari inabaki hata sahani ikiwa hewani, kwa hiyo una nafasi ya kupumua.

Mstari upo penye oksijeni na pasipo na oksijeni. Usifurahi. W18 inashikwa pia na protini nyingine, ATF-1 na CREB-1, ambazo zipo muda wote. Mstari wako ni ule unaotokea kwenye dondoo la seli zilizonyimwa oksijeni pekee.

Weusi umeganda kwenye mdomo wa jeli. DNA ya kushindania ni kidogo, au chumvi ya dondoo ni nyingi mno.

Ushahidi ukamilike kwa ushindani: W18 isiyo na mionzi, mara 50 hadi 100 ya ile yenye mionzi, iufute mstari, na M18 kwa kiasi kilekile iuache. Baada ya hapo ongeza kingamwili ya protini unayoishuku. Mstari ukipanda juu zaidi au ukipotea, umejua jina la protini iliyomo.

EMSA hata hivyo inasema protini imeshika. Haisemi imewasha. Kwa hilo unahitaji ripota ya lusiferasi, yaani jeni inayotoa mwanga ikiwashwa, yenye nakala za W18 mbele ya promota (swichi ya jeni) dhaifu, na nyingine yenye M18, pamoja na lusiferasi ya pili ya kusawazisha idadi ya seli, maana kobalti inaziua. Usitumie GFP, protini inayong'aa kijani, hapa. Rangi yake inahitaji oksijeni ili ikomae, na utadhani jeni haijawaka kumbe protini inayong'aa ndiyo haijaiva.

Utakaso ulikuja 1995, kwa safu iliyofungwa DNA ya kushikia HIF-1. Zikatoka protini mbili: HIF-1α ya asidi amino 826, na HIF-1β ambayo ilikuwa tayari inajulikana kwa jina la ARNT. Kutoka vipande vya protini hizo ndipo walipofika kwenye cDNA, yaani DNA iliyonakiliwa kutoka RNA ya jeni.

madai_huru:
Mkuu jeli_baridi, hiyo jozi ya W18 na M18 nitairudia huko mbele, maana ina thamani kwenye hataza kuliko watu wanavyodhani.

Jibu fupi kwa mleta mada: hataza haikai juu ya ugunduzi, inakaa juu ya maneno ya madai. Protini moja inaweza kuzaa madai ya aina tano au sita, na kila moja lina nguvu zake.

La kwanza ni protini iliyotengwa. Miaka ya 1990 dai hili lilipita bila shida. Leo Marekani halipiti, kwa sababu ya kesi ya Myriad ya 13 Juni 2013, ile uliyoitaja. Kesi yenyewe ilihusu DNA ya BRCA1 na BRCA2, jeni zinazohusishwa na saratani ya matiti, lakini ofisi ya hataza inatumia hoja ileile kwa protini ambayo haina tofauti na ya mwilini.

La pili ni cDNA. Hii ilinusurika kwenye kesi hiyohiyo, kwa kuwa haina introni (vipande vya jeni visivyoandika protini) na imetengenezwa na mtu. Hataza ya Semenza iliyotolewa 1999 kutokana na maombi ya 1995 ilihusu asidi nukleiki zinazoandika HIF-1.

La tatu, ambalo mimi ningelipigania zaidi, ni protini iliyobadilishwa. HIF-1α huvunjwa kwa sababu vimeng'enya vya PHD vinaiwekea haidroksili kwenye prolini namba 402 na 564, kisha protini iitwayo VHL inaitambua na kuipeleka ikaharibiwe. Ondoa sehemu hizo, unapata HIF-1α inayodumu hata oksijeni ikiwepo. Kitu hicho hakipo katika maumbile, na kina kazi ambayo ile ya asili haina. Johns Hopkins wana hataza ya HIF-1α thabiti ya namna hii, mvumbuzi akiwa Semenza.

La nne ni njia ya kusaka dawa, na hapa ndipo W18 na M18 zinapoingia. Dai linaandikwa hivi: seli zenye ripota ya W18, seli zenye ripota ya M18, weka kemikali, chagua ile inayopunguza mwanga wa kwanza bila kugusa wa pili. Bila M18 utakusanya kila sumu inayodhoofisha seli. Udhaifu wa dai hili ni kwamba mshindani anasaka dawa ndani ya maabara yake, humwoni, na dawa itakayotoka si mali yako.

La tano ni tiba: kumpa mgonjwa wa ugonjwa fulani dawa fulani kwa kipimo fulani. Madai haya yanasimama vizuri Marekani. Ulaya njia ya kutibu haipewi hataza yenyewe, ila unaweza kudai dawa kwa ajili ya matumizi hayo.

Uchunguzi wa aina ya "protini ikiwa juu, mgonjwa yuko hatarini" umekuwa mgumu tangu kesi ya Mayo ya 2012, nayo ya Mahakama ya Juu. Sitausemea zaidi.

mbegu_ya_swali:
Asanteni sana, nimeelewa zaidi ya nilivyotarajia. Swali la nyongeza kwa madai_huru: tuseme nimeonyesha kwamba kuzuia protini yangu kunapunguza uvimbe, na nina kizuizi kimoja tu kinachofanya kazi. Naweza kudai njia ya kupunguza kazi ya protini hiyo kwa kitu chochote?

madai_huru:
Hapo ndipo NF-κB ilipoangukia, na ningependa kila mtafiti aijue kesi hii.

Hataza namba 6,410,516 ilitolewa 25 Juni 2002 kwa MIT, Harvard na Taasisi ya Whitehead, na Ariad ndiyo iliyokuwa na leseni. Siku hiyohiyo Ariad ikaishtaki Eli Lilly kwa dawa zake Evista na Xigris. Madai yalikuwa ya njia: kupunguza kazi ya NF-κB ndani ya seli. Hayakutaja kwa molekuli gani. Mwaka 2006 baraza la wazee wa mahakama lilimpa Ariad zaidi ya dola milioni 65. Mwaka 2009 uamuzi ukapinduliwa, na Machi 2010 mahakama ya rufani ya shirikisho ikakaa kwa wingi wa majaji wake na kuthibitisha kwamba madai hayo ni batili.

Sababu ni ya kimaabara kabisa. Maelezo yalitaja aina tatu za molekuli zinazoweza kufanya kazi hiyo: chambo cha DNA kinachoiteka NF-κB, protini nusu inayoshika DNA bila kuwasha jeni, na kizuizi mahsusi kama I-κB. Lakini hapakuwa na jaribio lililokamilika linaloonyesha NF-κB ikipunguzwa kwa njia hizo. Mfuatano wa I-κB uliingizwa kwenye maombi mwaka 1991, ilhali tarehe waliyoitegemea ilikuwa 1989. Mahakama ikasema mvumbuzi lazima aonyeshe kwamba siku ya maombi alikuwa nacho anachokidai. Kueleza lengo la utafiti hakutoshi.

Mwaka 2023 kesi ya Amgen na Sanofi ikakaza kamba upande wa pili: ukidai kundi zima la kingamwili kwa kazi yake, lazima msomaji aweze kulitengeneza kundi zima bila kuanza utafiti upya.

Kwa hiyo kwa kizuizi kimoja, dai kizuizi hicho na ndugu zake wa karibu wenye muundo unaoweza kuueleza. Ukitaka upana, leta mifano ya familia tofauti: siRNA moja (RNA fupi inayozima jeni), molekuli ndogo moja, chambo kimoja cha DNA, kila moja na kipimo cha EMSA, cha ripota na cha seli. Hata hivyo, andika madai kwa ngazi. Linaloanza pana likianguka, jembamba chini yake libaki. Hataza ya kwanza ya Yamanaka kutoka Japani, ya Septemba 2008, ilikuwa nyembamba kwa makusudi: jeni nne kwa majina yake, Oct3/4, Sox2, Klf4 na c-Myc.

saini_kwanza:
Naongeza moja ambalo madaktari watafiti hulisahau: nani mwenye mali. Sheria ya Bayh-Dole ya 1980 inaruhusu chuo kibaki na uvumbuzi uliolipiwa na serikali ya Marekani, lakini haimpokonyi mvumbuzi moja kwa moja. Katika kesi ya Stanford na Roche, 2011, mtafiti alikuwa amekiahidi chuo kwamba "atakubali kukabidhi" haki zake. Alipokwenda kujifunza PCR, njia ya kunakili DNA, kwenye kampuni, akasaini karatasi isemayo "nakabidhi". Karatasi ya pili ndiyo iliyohamisha haki. Soma kitenzi kabla ya kusaini fomu ya mgeni kwenye maabara ya watu.

Na mvumbuzi si kila jina lililo kwenye makala. Aliyeendesha jeli kwa maelekezo si mvumbuzi. Aliyebuni kwamba herufi zile tatu zigeuzwe anaweza kuwa. Jina likiongezwa kwa heshima au kuachwa kwa ugomvi, hataza inaweza kubatilishwa.

jeli_baridi:
Kuhusu tarehe: maombi kwanza, makala baadaye. Marekani inakupa mwaka mmoja baada ya kuchapisha mwenyewe, Ulaya haikupi hata siku moja. Bango la mkutano, muhtasari mtandaoni na tasnifu iliyowekwa maktaba vyote ni uchapishaji. Yamanaka aliweka maombi Japani Desemba 2005, makala ikatoka Agosti 2006.

Maombi ya muda yanadumu miezi 12, ndani yake uweke ya kimataifa, ya PCT. Nchi mojamoja zinafuata mwezi wa 30, Ulaya wa 31. Lakini tarehe ya maombi ya muda inalinda tu kilichoandikwa humo, kwa hiyo weka picha za jeli, M18, mifuatano kamili, yote. Ukipata kizuizi kipya mwezi wa tano, weka maombi mengine ya muda siku hizohizo, halafu uyaunganishe kabla ya mwezi wa 12 kuhesabiwa kutoka lile la kwanza.

Tangu 1 Julai 2022 orodha ya mifuatano kwenye maombi kamili huwekwa kwa muundo wa ST.26, faili la XML. Inahusu DNA kuanzia herufi 10 na protini kuanzia asidi amino 4, kwa hiyo hata W18 inaingia. Hakikisha namba za asidi amino kwenye madai zinalingana na mfuatano uliomo kwenye faili, sio na wa makala nyingine yenye umbo tofauti la protini. Dai likisema "prolini 564" na faili likawa na alanini mahali hapo, mkaguzi atalirudisha.

mbegu_ya_swali:
Mkuu, suala la mwisho. Kwa nini dawa zilizofika sokoni hazigusi HIF-1 yenyewe?

jeli_baridi:
Kwa sababu sehemu inayoshika DNA ni uso mpana, hauna tundu la kuingizia molekuli ndogo. PHD ni kimeng'enya, kina tundu lenye chuma na 2-oksoglutareti, na dawa ya roksadustati inakaa humo. Iliidhinishwa China Desemba 2018 kwa upungufu wa damu wa wagonjwa wa figo. Belzutifani, iliyoidhinishwa Marekani Agosti 2021 kwa uvimbe wa ugonjwa wa VHL (hitilafu ya jeni ya protini ileile), inagusa HIF-2α, ndugu wa HIF-1α, ambayo kwa bahati ina uwazi ndani ya kikoa chake cha PAS-B. Kuhusu hataza ya cDNA iliyotokana na maombi ya 1995, ulinzi wake ulikuwa umeshakwisha katikati ya muongo wa 2010, kabla ya dawa hizo mbili. Ukiwa na protini mpya, tafuta mapema kimeng'enya kinachoihudumia, na ukiweke kwenye maombi pamoja na kipimo chake.