Mjadala: Msaidizi wa utafiti alipwe kwa dodoso au kwa siku?

Mleta mada, Kisumu
Tuchukue mfano. Mkurugenzi wa utafiti wa shirika lisilo la faida anataka kaya 1,200 zihojiwe Siaya na Busia, na ana wasaidizi 12. Awalipe shilingi 400 kwa kila dodoso lililokamilika, au shilingi 2,000 kwa siku? Msaidizi mmoja akimaliza madodoso matano kwa siku, kazi inakwisha kwa siku 20, na kwa vyovyote gharama ni 480,000. Kaunti hizi mbili si ngeni kwa watafiti: mradi wa dawa za minyoo wa Busia ulianza 1998 katika shule 75, na ule wa kugawia kaya pesa taslimu Siaya ulihusisha vijiji 653. Kuna vijana wengi wanaoishi kwa kazi hii. Mimi nasema walipwe kwa siku. Anayepinga aseme.

Msimamizi wa nyanjani, Ugunja
Nakuunga mkono, ila hesabu yako imesahau mvua. Mto Nzoia ukifurika upande wa Budalang'i, Busia, boda boda haifiki nusu ya vijiji vilivyo kwenye orodha. Zikipotea siku nne, mkurugenzi anayelipa kwa siku anaongeza 12 × 4 × 2,000, yaani 96,000. Anayelipa kwa dodoso haongezi hata ndururu, hasara ameshamtwika msaidizi. Naye msaidizi ataifidia mahali, na mahali pekee anapoweza kuifidia ni kwenye data.

Ataanzia kwa nyumba zisizo na watu. Kanuni ya kawaida ni ziara tatu kwa nyakati tofauti, angalau moja jioni au Jumamosi, ndipo kaya ibadilishwe kwa nyingine kutoka orodha ya akiba iliyoandaliwa na ofisi. Kwa malipo ya dodoso, ziara ya pili na ya tatu ni kazi ya bure. Kwa hiyo inaandikwa "hawapo", na jirani aliyekaa kibarazani anahojiwa badala yao. Sampuli inajaa wazee na akina mama wenye watoto wachanga. Wauza samaki, vibarua wa miwa na walimu wanatoweka, na ripoti inatoka ikisema kipato cha kijiji kiko chini kuliko kilivyo.

Kuna na maswali ya kichujio. "Je, kuna mtu wa kaya hii aliyepata homa wiki mbili zilizopita?" Jibu likiwa ndiyo, yanafunguka maswali kumi na tano ya dawa, zahanati na gharama. Likiwa hapana, programu ya kishikwambi inaruka hadi sehemu inayofuata. Baada ya siku mbili za kazi kila msaidizi anazijua hizo njia za mkato, na anayelipwa kwa idadi ana sababu ya kuzipenda.

Nauli nayo, ikiwa imo ndani ya ile 400, kijiji cha mwisho kwenye ramani hakifikiwi. Nauli, chakula cha mchana na bando zitengwe kando, hata mkikubaliana kulipa kwa dodoso.

Meneja wa mradi, Nakuru
Ndugu zangu, mbona malipo ya siku mnayavika kanzu? Yana ugonjwa wake. Timu inaingia kijijini saa nne, inatoka saa tisa, madodoso matatu kwa kila mtu, siku imelipwa. Siku 20 zinageuka 34, na kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya sayansi ya Kenya, ni cha mwaka mmoja tu, ambao miezi yake kadhaa huishia kwenye mafunzo, kubisha hodi kwa chifu na kusubiri pesa. Mchapakazi na mtegaji wanapokea sawa, na baada ya wiki mbili mchapakazi naye anajifunza kutega.

Anayetaka kupika data atapika hata akilipwa mshahara wa mwezi. Dawa yake ni uhakiki. Dodoso lilipwe likishakubaliwa tu: ofisi ilikague ndani ya saa 72, na asilimia 10 ya kaya zitembelewe tena na watu wengine. Lililokataliwa halilipwi.

Mtakwimu, Kakamega
Bwana Meneja, uhakiki huo unamnasa asiyefika nyumbani kabisa. Yule aliyefika akafupisha hanaswi nao kirahisi. Ukirudi baada ya siku tatu kuuliza kuhusu homa ya "wiki mbili zilizopita", wiki zenyewe zimeshasogea, na mhojiwa anaweza kujibu tofauti bila mtu kudanganya. Ndiyo maana maswali ya kurudia huwa yale yasiyobadilika: paa ni la nini, vyumba vya kulala vingapi, kitinda mimba alizaliwa mwaka gani, mgeni alikuja na kishikwambi, alikaa kama muda gani. Sita au saba yanatosha.

Njia za mkato zinatafutwa kwa jedwali. Kwa kila msaidizi, hesabu "ndiyo" za kila kichujio, ukilinganisha waliofanya kijiji kimoja. Watano wakipata kama 30 kwa kila kaya 100 na mmoja akapata 8, mahojiano yake yaliyorekodiwa yasikilizwe. Muda pia usiuangalie kwa jumla, angalia kila sehemu, kwa sababu mtu anaweza kuiacha fomu wazi akinywa chai ili dakika zifike 60. Kuhusu GPS, ruhusu kosa la mita 10 na uagize kipimo kichukuliwe nje, maana chini ya mabati husuasua. Kaya sita zenye alama ndani ya mita chache zilijazwa mahali pamoja. Sauti zirekodiwe baada ya mhojiwa kuridhia, na ridhaa hiyo iandikwe kivyake, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamhusu yeye kabla ya kukuhusu wewe.

Yote hayo ni kazi ya mtu kila jioni. Mkimlipa mkaguzi wa data vizuri ili muokoe pesa kwa wakusanyaji, mmeokoa nini? Mgema akilipwa kwa kibuyu, tembo litatiwa maji, na nyinyi mnaajiri wa kulionja.

Utafiti wa kufuatilia kaya zile zile ndio unaoumia zaidi. Jina lililobuniwa leo litatafutwa mwakani, na mzee wa kijiji atasema hamjui.

Mhasibu, Milimani Kisumu
Malipo ya kipimo cha kazi ni halali, tusiyaite uhalifu. Lakini Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 18, inataka mfanyakazi wa namna hiyo alipwe mwisho wa mwezi kwa kiasi alichofanya, au kazi ikimalizika, lolote litakalotangulia. "Tutalipa data ikishasafishwa" au "mfadhili akituma awamu ya pili" haimo humo. Saa 72 za Meneja ziandikwe kwenye mkataba, na sababu za kukataa dodoso pia, ziwe chache na za kupimika.

Kumwita msaidizi "mshauri" ili akatwe kodi ya zuio ya asilimia 5 tu, huku saa zake, kifaa chake na njia yake vimepangwa na ofisi, ni kujitafutia kesi. Malipo yake yakatwe mchango wa afya wa asilimia 2.75, na bajeti iweke ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 na NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Siku za mafunzo zilipwe. Na siku ziandikwe 25, si 20. Mfadhili akiuliza, mwonyeshe kalenda ya mvua.

Msomaji, Bondo
Mnamsahau anayehojiwa. Dodoso limetafsiriwa kwa Dholuo na kuidhinishwa na kamati ya maadili, kisha kijana mwenye haraka analisoma kwa Kiswahili cha papo hapo, majibu manne kwa pumzi moja. Mama anachagua la mwisho alilolisikia.

Meneja wa mradi, Nakuru
Sawa, nashuka bei. Shilingi 1,700 kwa siku, nauli kando, na nyongeza ya kikundi kijiji kikifungwa. Kufungwa maana yake kila kaya ya orodha ina jibu: imehojiwa, imekataa, imehama, au haikupatikana baada ya ziara tatu zenye tarehe na saa. Hapo mtegaji atasukumwa na wenzake, si na mimi.

Mtakwimu, Kakamega
Hiyo naipenda kuliko ya kwanza, ila "imekataa" itakuwa rahisi mno. Kubofya mara moja tu, kaya imefungwa. Kila "imekataa" iendewe na msimamizi mwenyewe kabla haijakubaliwa, na "imehama" ithibitishwe na mzee wa kijiji.

Msimamizi wa nyanjani, Ugunja
Nakubali kuziendea. Kwa timu ya watu sita, msimamizi mmoja atazimudu, mradi ana pikipiki yake na hagawi pia vishikwambi asubuhi. Ila lile donge la kikundi asipewe yeye, alipwe kwa siku tupu. Akiwa na fungu kwenye kijiji kilichofungwa, nani atakwenda kumhakiki yeye?

Mleta mada, Kisumu
Mkurugenzi. Na hilo halimo kwenye bajeti ya mtu yeyote hapa.