Uvimbe wa ndani ya jicho: manjano na chai ya kijani vinaweza kuchukua nafasi ya matone?

MamaChai_Rungwe

Habari za jioni ndugu zangu. Naomba ushauri, hasa kwa wanaofahamu mambo ya macho.

Mume wangu anasumbuliwa na jicho la kushoto. Sio yale macho mekundu ya kuambukizana, maana hili halitoi tongotongo. Linauma kwa ndani, wekundu umelizunguka lile duara jeusi, na mwanga haustahimili kabisa. Asubuhi akienda kuchuma chai anavuta kofia mpaka inakaribia pua. Daktari wa macho Mbeya mjini alimpima kwa ile mashine ya kuegemeza kidevu, akasema ni uveitisi, uvimbe wa tabaka la ndani la jicho. Kampa matone ya prednisoloni, mwanzoni kila saa kisha yapunguzwe taratibu, na matone ya atropini. Ugonjwa huu ulishamshika huko nyuma ukapoa.

Sasa anataka kuacha matone. Anasema kemikali zimezidi. Jirani kamwambia atwange manjano mabichi, akamue, atie tone jichoni. Shemeji yangu naye katuma ujumbe wa sauti kusifia chai ya kijani, na kwa kuwa chai tunailima wenyewe, hilo limemwingia kweli. Nimekataa jicho lisitiwe kitu kingine mpaka niulize. Je, kuna ukweli wowote kwenye mimea hii? Na kama upo, atumieje?

Viungo_Mwanjelwa

Dada, mimi manjano nayauza. Kwenye wali na mchuzi nitakusifia mchana kutwa. Ila jichoni, hapana. Unga ninaopokea kwa magunia nauchekecha mwenyewe na najua kinachobaki kwenye chekeche: vumbi, nyuzi, changarawe za kinuni. Na yale mabichi yametoka udongoni. Wateja wanaoniulizia manjano ya jicho nawaelekeza hospitali, nakosa hela ya siku hiyo, sawa tu.

MuuguziMacho_Iringa

Kamwene dada yangu. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya macho huku Iringa. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu macho ya namna hii nimeyaona yakipotea wakati dawa ipo nyumbani, juu ya kabati.

Umefanya vyema kulizuia lile tone. Maji ya mmea uliotwangwa hubeba bakteria na fangasi hata kinu kikioshwa. Tena shemeji, yaani mume wako, anatumia prednisoloni, ambayo ni steroidi, dawa inayoshusha kinga ya jicho. Fangasi wakipata mkwaruzo kwenye kioo cha jicho, lile tabaka angavu la mbele, huku kinga imeshushwa, wanasambaa. Wakati wa mavuno tunawapokea wakulima waliopigwa na jani la hindi: kidonda kidogo tu, lakini mtu kaanza na utomvu wa mshubiri, akaongezea matone aliyouziwa bila kupimwa, anatufikia kioo kimeshakuwa cheupe. Tafiti za miaka ya 1990, za Malawi na za hapa kwetu Tanzania, zilikuta wagonjwa wengi wenye vidonda vya kioo cha jicho walikuwa wametia dawa za kienyeji kabla ya kufika hospitali.

Hata hivyo jirani hakutunga. Rangi ya manjano inatokana na kurkumini, na maabara imeonyesha kwamba inapunguza protini zinazochochea uvimbe. Imejaribiwa hata kwa watu wenye ugonjwa huu huu. Mwaka 1999 madaktari wa India walitoa taarifa ya wagonjwa 32 wa uveitisi sugu ya sehemu ya mbele ya jicho. Walimeza miligramu 375 za kurkumini mara tatu kwa siku kwa wiki 12. 18 walipewa hiyo peke yake, 14 waliongezewa dawa za kifua kikuu. Wale 18 wote walipata nafuu. Hapo ndipo jumbe za kusifia mimea huwa zinakatika, na kilichofuata ndicho ninachotaka shemeji akisikie. Walipofuatiliwa kwa miaka mitatu, zaidi ya nusu ya waliotumia kurkumini peke yake ugonjwa uliwarudia, na wanne kati ya wale 18 walipoteza uwezo wa kuona kutokana na madhara ya ugonjwa huo. Wala hapakuwa na kundi la kulinganisha lililopewa matone ya kawaida.

Pia angalia kipimo. Unga wa manjano una kurkumini kama asilimia 3 hivi. Ili afikie kipimo cha wale wagonjwa angehitaji karibu gramu 40 za unga kila siku, zaidi ya vijiko kumi vya chai, na sehemu kubwa ingepita tumboni bila kuingia kwenye damu. Pilipili manga huongeza ufyonzwaji sana, ni kweli, lakini inaweza kubadili pia jinsi mwili unavyoshughulikia dawa nyingine. Kwenye chakula ale kwa furaha. Vidonge vya kurkumini asianze bila kumwambia daktari, hasa kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Chai ya kijani ina katekini, kemikali za asili za majani ya chai. Panya waliosababishiwa uveitisi kwenye maabara Hong Kong walipata nafuu walipopewa dondoo yake. Ni panya, na ni dondoo, sio kikombe. Anywe kama kinywaji.

Sasa atropini, maana nahisi ndiyo atakayoiacha kwanza kwa sababu inamfanya aone ukungu akisoma. Ile sehemu yenye rangi ndani ya jicho ikivimba inatoa utando unaonata, inagandamana na lenzi iliyo nyuma yake. Mboni inabaki imevutika upande, haifunguki tena vizuri. Ikigandamana duara zima, maji ya ndani ya jicho yanakosa njia, presha ya jicho inapanda, na mshipa wa kuonea unakufa. Atropini inaitanua mboni ili isishikane, na inaulegeza msuli wa ndani uliokakamaa, ndiyo maana maumivu yanapungua. Na kama shemeji anataka dawa ya mmea, mwambie anayo tayari! Atropini ilitolewa kwenye mmea wa belladona, wa ukoo mmoja na nyanya na viazi mviringo. Wanakemia waliitenga karne ya 19. Kwenye chupa kipimo kinajulikana na hakuna vijidudu. Datura, ule mmea wa matunda yenye miiba unaoota kando ya majalala, una atropini pia, na watu hulazwa kwa sumu yake kwa kuwa hakuna anayejua jani moja limebeba kiasi gani.

Steroidi asiikatishe ghafla, uvimbe hurudi kwa nguvu. Wala asijiongezee chupa dukani, kwa sababu ikitumika muda mrefu inaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Kila akirudi kliniki aombe apimwe presha ya jicho.

Kiwandani_Mufindi

Naongezea kwenye chai tu. Dada, mkichemsha majani mliyoyaacha yanyauke kikapuni, hiyo sio chai ya kijani. Chai nyeusi tunainyausha, tunaikata, tunaiacha ichachuke, ndipo tunaikausha. Katika kuchachuka katekini nyingi zinageuka kuwa kitu kingine, ndio wekundu mnaouona kikombeni. Ya kijani inapigwa mvuke au kukaangwa mapema baada ya kuchumwa ili isichachuke. Nyumbani mnaweza: majani mawili na chipukizi lake, mvuke dakika chache, kisha kausheni. Ila mnywe tu, msioshee macho. Bibi zetu huku waliosha macho kwa chai baridi na bado naona watu wanarithishana.

MamaChai_Rungwe

Ndaga fijo, nimemsomea yote. La atropini limemshika, katia tone mwenyewe bila kusukumwa. Nina swali lingine, dada muuguzi. Mgongo wake chini kwenye kiuno unakaza sana asubuhi, akishatembea shambani unaachia. Yeye anasema ni kuinama kwenye chai. Vinahusiana?

MuuguziMacho_Iringa

Vinaweza, na nimefurahi umelitaja. Mgongo wa kazi kwa kawaida hutulia mtu akipumzika. Unaokaza kwa kupumzika na kuachia kwa kutembea unaweza kuwa ugonjwa wa uvimbe wa maungio ya uti wa mgongo, na watu hao hupata uveitisi ya ghafla, jicho moja moja, inayopoa na kurudi. Amweleze daktari wa macho kama ulivyonieleza mimi, ili apigwe picha ya maungio ya nyonga na kiuno. Aulize pia kama amepimwa kifua kikuu, kaswende na VVU, na aseme kama aliwahi kupata mkanda wa jeshi usoni. Kama chanzo ni kifua kikuu, kinachotakiwa ni dawa za kifua kikuu, na kwetu zinatolewa bure.

Aende na chupa zote mkononi, pamoja na kitu chochote cha mitishamba anachomeza. Maumivu yakizidi au uoni ukishuka kabla ya tarehe ya kliniki, panda gari naye siku hiyo hiyo.